Kabla Hujalipia Bunduki: Mafunzo Niliyopata Porini

Bunduki za kuwindia nimenunua tatu maishani mwangu, zote za bolti: ukishapiga, unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma ganda litoke, unasukuma mbele risasi nyingine iingie. Ya kwanza niliichagua kwa uzuri wa mti wake. Ya pili niliichagua kwa tarakimu. Ya tatu ndiyo iliyo kabatini hadi leo, na kabla sijailipia nilikaa nayo dukani asubuhi nzima, hata mwenye duka akaagiza chai tunywe.

Kijana anayejiandaa kuwa mwindaji bingwa, au mkazi anayetaka kuomba kibali chake msimu ujao, hukusanya fedha kwa miaka. Siku zikitimia kichwa kinamzunguka kwa majina: Mauser, Winchester, CZ, Ruger, Sako, Remington. Anakuja kwangu, ananiamkia, kisha anauliza, "Mzee, ipi bora?" Swali hilo nililiuliza mimi nikiwa na umri wake. Nilijibiwa na watu wengi, wote wakweli, na hawakunisaidia, kwa sababu nilikuwa bado sijajua cha kulinganisha.

1. Nililinganisha risasi ya kwanza, nyati akanitahini kwa ya pili

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba huko Ugalla, mkoani Tabora, miaka mingi kabla ya hifadhi ya taifa ya Mto Ugalla kuanzishwa mwaka 2019. Nilikuwa msaidizi wa mwindaji mkubwa niliyemwita Kaka, maana alinizidi miaka kumi na miwili. Mgeni wetu alimpiga dume la nyati nyuma mno ya bega, likatimka na kuingia vichakani. Mzee wetu wa kufuata nyayo, mtu wa Sikonge, aliigusa damu kwa kidole, akainusa, akasema, "Tumbo. Hajaenda mbali. Anatungoja." Kaka akamwacha mgeni chini ya mti, tukaingia watatu.

Nilikuwa na bunduki yangu ya pili. Nilikuwa nimeisoma katika vitabu vya bidhaa hadi kurasa zikalegea. Kwenye shabaha ya mita 100 risasi zake tatu zilifunikwa na kizibo cha soda, na nilitembea na karatasi ya shabaha ile mfukoni.

Nyati alitoka upande ambao hatukuutazamia, pua juu, macho kwetu. Nilipiga, nikaona vumbi likiruka kifuani. Hakusimama. Nikavuta bolti, ganda likaruka, nikasukuma. Na kabla mkono wa bolti haujashuka mahali pake, hofu ikanivutisha tena nyuma. Risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba ikabaki mle mle. Niliposukuma mara ya pili, risasi nyingine ikapanda kutoka kwenye magazini, ncha yake ikagota kwenye kitako cha ile iliyotangulia. Bolti ikagoma. Nilikuwa na risasi mbili katika tundu la moja na nyati mbele yangu.

Kaka ndiye aliyemwangusha. Mzee alipima kwa miguu kutoka kwenye pembe hadi nilipokuwa nimesimama. "Hatua saba, kijana wangu." Kisha akaichukua bunduki mikononi mwangu taratibu, kama unavyomtoa mtoto mgongoni mwa mtu aliyechoka, akampelekea Kaka.

Kilichonishangaza jioni ile, Kaka alipoifungua karibu na moto, ni kwamba haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa imefanya kama ilivyoundwa. Bolti ya aina yake husukuma risasi tu. Kifaa cha kuing'oa hakiukamati ukingo wa ganda mpaka bolti ifungwe kabisa. Ukirudi nyuma mapema, risasi hairudi nawe. Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, hufanya kazi hivyo, na wengi wameiwindia swala na pofu maisha yao yote bila tatizo. Ni bunduki yenye shabaha njema. Ila inataka mkono unaomaliza safari yake, na mkono wangu siku ile haukumaliza.

Kaka akachukua ya kwake. Ilikuwa ya mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, na ubavuni mwa bolti ulikuwepo ukucha mrefu wa chuma. Alisukuma polepole nione: risasi ilipochomoza tu kutoka kwenye magazini, ukingo wake uliteleza na kuingia chini ya ukucha. Akasimama katikati ya njia, akavuta nyuma. Risasi ikarudi, ikatemwa, ikaanguka mchangani. Akaigeuza bunduki juu chini, akarudia. Bado ukucha uliishika. Paul Mauser aliwaundia askari bunduki hiyo, watu wanaopakia wakiwa wamelala, wakikimbia, wakitetemeka. Bibi na babu zetu waliiona katika vita vya 1914 hadi 1918, maana baadhi ya askari wa Wajerumani huku kwetu waliibeba. Wawindaji wa nyati na tembo wamebaki na mpango ule ule kwa sababu ile ile. Winchester Model 70 ya mwaka 1936 ilikuwa na ukucha. Kiwanda kilipouondoa mwaka 1964 wanunuzi walilalamika miaka nenda miaka rudi, na katika miaka ya 1990 ukarudishwa. CZ 550 ya Wacheki imejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Basi unapolinganisha, omba ruhusa ya mwenye duka, tumia risasi za mazoezi zisizo na baruti. Sukuma nusu ya njia, vuta. Risasi imerudi au imebaki? Jaza magazini, zitoe zote kwa haraka, kisha zote kwa polepole, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Uliza pia kama unaweza kudondosha risasi moja kwa moja kwenye chemba, maana bunduki nyingi zenye ukucha zinataka kila risasi ipite kwenye magazini kwanza. Ukilazimisha, unaweza kuuvunja ukucha wenyewe.

Ile karatasi ya shabaha niliichoma. Haikunidanganya, lakini ilijibu swali la mtu anayewinda kwa mita 200 akiwa ametulia.

2. Mdomo wa bunduki ulinisema

Kwa sheria zetu nyati hapigwi kwa bunduki iliyo chini ya .375. Hilo nililijua, nikalitafsiri vibaya: nikadhani kadiri inavyozidi ndivyo inavyofaa. Bunduki yangu ya pili ilikuwa ya kaliba kubwa, ya risasi nene yenye kasi iliyozidi .375 H&H ya kawaida, na nilijivunia tarakimu hizo kama mtu anayejivunia ng'ombe.

Wiki moja baada ya siku ile ya nyati, Kaka alinipeleka kwenye kichuguu kilichotumika kama ukuta wa shabaha. Akasema atanipakilia yeye. Nikapiga ya kwanza, ikagonga karibu na katikati. Ya pili nikavuta triga, ikasikika tu "ta!" Alikuwa ameweka ganda tupu lenye kichwa, lililotobolewa tundu ubavuni lisichanganywe na risasi hai. Na katika kimya kile nikauona mdomo wa mtutu ukiinama chini kwa nguvu, kama kuku anayedonoa punje. Ni mikono yangu iliyokuwa ikiinamisha, kila mara, kabla ya kila mlio. Teke la bunduki lilikuwa limenizoesha kuogopa, na mlio ulikuwa unanificha hofu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewinda nayo misimu miwili bila kujua.

Hilo ndilo jambo lililonigusa kuliko yote niliyojifunza, hata kuliko hatua saba. Mtu anaweza kuogopa kitu mwaka mzima na asiwe na habari.

.375 H&H ilitolewa London mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida ni cha gramu 19 na kitu, kikitoka kwa takriban mita 760 kwa sekunde. Teke lake ni kama mara mbili ya .30-06, nalo mtu mzima mwenye mazoezi hulizoea. Zaidi ya hapo, wachache wetu tunapiga vizuri kweli. W.D.M. Bell, aliyeitwa Karamojo, aliua mamia ya tembo kwa .275 iliyo ndogo sana, kwa sababu alijua mahali pa kupiga na alipapiga. Simshauri yeyote amwige. Sheria hairuhusu, na Bell alikuwa na kipawa chake. Namtaja kwa sababu kijana huwa anadhani uzito wa risasi utamsamehe kosa la mkono.

Kabla ya kununua kaliba kubwa, tafuta anayeimiliki, mwombe akusindikize uwanjani, upige tano chini ya uangalizi wake, na mbili kati ya hizo ziwe tupu bila wewe kujua ni zipi. Mdomo wa mtutu utakuambia kaliba yako.

Na uzito usikutishe. CZ 550 ya .375 ina kilo nne na ushei. Vijana huikataa dukani kwa sababu mkono unachoka. Porini uzito ule hunywa teke. Nyepesi utaifurahia saa za kutembea, na utaijutia sekunde ile moja.

3. Fumba macho

Bunduki ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti wa mjozi, mistari yake ikizunguka kama maji ya mto. Niliipenda jinsi unavyompenda mtu kwa picha. Kilichonipita ni kwamba kilikuwa kimechongewa mtu mrefu kuliko mimi. Asubuhi za Juni na Julai, nikiwa nimevaa koti, kitako kilinasa kwapani kila nilipoinua. Nilimkosa kongoni aliyesimama ubavu, mita 60, nikiwa bado natafuta jicho liliko.

Fanya hivi. Hakikisha bunduki haina kitu, kisha hakikisha tena. Tazama mahali salama ukutani. Fumba macho, inua bunduki begani, laza shavu mahali linapotaka kulala. Fumbua. Kama unaviona vilengeo vimepangana, au duara la darubini limejaa mwanga bila kivuli pembeni, bunduki hiyo inakujua. Kama inakubidi kunyoosha shingo au kukandamiza shavu, weka chini, chukua nyingine, hata kama ya kwanza ina jina kubwa. Rudia ukiwa na koti. Rudia ukiwa umechuchumaa.

Darubini nayo ipimwe hapo hapo. Kati ya jicho na kioo pasipungue upana wa ngumi. Nina kovu juu ya nyusi ya kulia, la siku niliyopiga nikielekea mlimani na kichwa kimeisogelea darubini. Kwa misitu yetu ya miombo darubini inayoanzia mara moja au moja na nusu inatosha. Wanyama wengi utawapiga chini ya mita 100, na mwenye kukuza mara nane wakati mnyama yuko karibu huona manyoya tu, asijue ni ya bega au ya paja. Nunua vishikizo vya darubini vinavyofunguka haraka, na usikubali bunduki ya nyati isiyo na vilengeo vya chuma.

4. Noti ya elfu moja

Mti ule mzuri uliniumiza mara nyingine. Niliirekebisha shabaha Tabora wakati wa kiangazi, nikaenda nayo bonde la Kilombero ambako hewa ni nzito kwa maji. Risasi zikaanza kugonga kiganja kizima kushoto. Nilimlaumu aliyefunga darubini. Nilimlaumu mtengenezaji wa risasi. Nikazungusha vifundo vya darubini siku mbili. Fundi mmoja wa bunduki alichomoa noti ya shilingi elfu mfukoni, akaipitisha kati ya mtutu na mti, akaivuta kuelekea kwenye chemba. Ikateleza, ikateleza, ikakwama. Mti ulikuwa umevimba na kuuegemea mtutu.

Tangu hapo noti ndiyo kipimo changu cha kwanza dukani, hata kwa bunduki mpya. Kitako cha plastiki ngumu hakina urembo, lakini hakinywi maji. Anayetaka mti, na mimi bado naupenda, ahakikishe una nafasi ya kutosha. Kwa kaliba kubwa, atazame pia kama kuna vyuma vilivyopita ubavu hadi ubavu ndani ya kitako kuuzuia mti usipasuke kwa mateke. Nyufa huanzia nyuma ya bolti, nyembamba kama unywele. Bunduki iliyotumika ikaguliwe hapo kwenye mwanga wa jua, wala si wa taa ya dukani.

5. Kidole gumba kina kumbukumbu

Ipo kaliba, upo uzito, na kipo kitu kidogo ambacho sikuwahi kukilinganisha: kizuizi cha usalama. Kwenye bunduki nyingi ukikisukuma mbele, bunduki iko tayari kupiga. Kwenye baadhi ya za zamani kutoka Ulaya ya Mashariki mambo ni kinyume: mbele ni usalama, nyuma ndiyo tayari. Niliwahi kuazima moja ya hizo siku tatu. Palahala alisimama mbele yangu, nikasukuma kidole gumba mbele kama nilivyozoea, nikavuta triga iliyofungwa, akaondoka. Ingekuwa chui, nisingekuwa naandika.

Ukiwa na bunduki mbili, ziwe na vizuizi vya namna moja. Napendelea vile vya nafasi tatu, ambapo nafasi ya katikati hufunga triga lakini huiacha bolti ifunguke. Jioni, mkiwa mmechoka na gari limejaa watu, unaweza kuzitoa risasi zote bila triga kuwa hai. Nimeshuhudia bunduki ikilia wakati wa kupakuliwa. Risasi ilipita kwenye paa la gari. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeongea hadi kambini.

6. Joto la Oktoba

Hili ni fupi. Niliacha risasi mbele ya kioo cha gari tangu saa nne hadi saa nane mchana. Nilipopiga, mkono wa bolti ulikataa kuinuka, nikaupiga kwa kiganja hadi kikavimba. Baruti iliyopata joto kali hutoa msukumo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa, ganda likang'ang'ania chemba. Ganda la .375 H&H ni refu na limepungua taratibu kuelekea mbele kama pia, kwa hiyo hung'oka kwa urahisi hata kwenye joto; hiyo ni sababu moja iliyoifanya idumu Afrika zaidi ya miaka 100. Unapolinganisha kaliba mbili zinazokaribiana, tazama umbo la ganda pamoja na kasi. Na mkono wa bolti uwe mrefu wa kutosha kushikwa na kiganja kizima.

7. Leseni inaandikwa mara moja

Ndiyo maana nasisitiza mtu alinganishe kabla. Leseni hubeba jina lako pamoja na aina na namba ya silaha. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupanda hadi polisi, na ni haki iwe hivyo, maana silaha si jembe. Ukikosea, huwezi kuirudisha Jumatatu kama shati lililobana. Mimi nilikaa na bunduki ya pili miaka minne baada ya kujua hainifai, nikiiogopa na kuilipia.

Na kaliba yake, yenye tarakimu zile nzuri, sikuipatia risasi Tabora wala Mwanza. Msimu mmoja niliingia porini na risasi kumi na moja. Nilizihesabu kila usiku. Mtu anayehesabu risasi hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hapaswi kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya bunduki, uliza risasi zake zipo ngapi dukani leo, na za mwaka jana zilikuwa ngapi. Bunduki ya tatu niliinunua pamoja na masanduku matatu ya aina moja, risasi 60. Ishirini zilikwisha uwanjani kabla sijaipeleka mbugani: nilipiga nikiwa nimesimama, bunduki juu ya magongo matatu yaliyofungwa kwa mpira wa tairi, nikapiga nimepiga goti, na tano za mwisho nikazipiga baada ya kukimbia hadi kwenye mbuyu na kurudi.

Mpwa wangu anakwenda Dar es Salaam mwezi ujao kununua ya kwake. Nimempa maganda matano ya Kaka yaliyotobolewa tundu, nikayafunga kwenye leso, pamoja na noti ya elfu moja iliyo safi. Ameniuliza tena ipi bora. Nimemwambia anipigie simu akiwa dukani, baada ya kufumba macho.